Cheti cha askari wa Mjerumani cha 1918 kimetoka kwa sanduku la babu, kuna jamaa anataka kukinunua haraka

Mtoto_wa_Nyalenda (Kisumu)

Wadau habari zenu. Naona hapa kuna watu wanaojua vitu vya zamani kwa hivyo naomba mnifungue macho kabla familia haijafanya jambo la kujutia.

Tulikuwa tunatoa vitu kwa nyumba ya marehemu babu maana mabati yanabadilishwa, na chini ya kitanda kukawa na lile sanduku jeusi la bati, la kufuli, mnalijua. Ndani ni vitu vya wazee tu, risiti za kodi, kipande, karatasi za kazi ya reli, picha za harusi zimeshikana hazitoki. Halafu ikatoka karatasi moja imekunjwa mara nne, imezungushiwa kitambaa cheupe kama cha kanzu kuukuu. Kiingereza si hicho, Kiswahili si hicho. Nikapiga picha nikamtumia binamu anayesomea unesi Ujerumani, akasema ni Kijerumani lakini mwandiko ni wa kizamani, ikabidi apelekee jirani yake mzee, na huyo naye alisoma kwa taabu. Walichotoa ni kwamba mwenye karatasi alikuwa askari wa Schutztruppe, lile jeshi la Mjerumani huku kwetu, mpaka mwisho wa vita, kuna hesabu ya rupia anazodai, tarehe ni Novemba 1918, kuna muhuri wa duara umefifia na chini kuna sahihi ambayo mzee anaisoma "Lettow". Maandishi ni ya rangi kama zambarau hivi, si meusi.

Sasa kuna mambo mawili yananisumbua. La kwanza ni jina. Limeandikwa "Djuma bin" halafu la pili limeangukia kwenye mkunjo, limeisha kabisa. Kwetu hakuna Juma, sisi ni Wajaluo, watu wa kanisa toka zamani. Tunadhani karatasi ni ya babu yake mzee wangu, aliyetoka upande wa Shirati, huko Tanzania, akaja Kisumu kubeba mizigo bandarini, lakini jina lake tunalolijua ni la Kijaluo na dani (nyanya yetu) anasema huyo mzee hakupenda kuulizwa habari za vita.

La pili, picha ilizunguka kwa WhatsApp ya familia na sijui nani aliitoa nje, mara kuna mtu anajiita mkusanyaji anapiga simu kila jioni. Anatoa elfu themanini, keshi, lakini anataka karatasi mkononi kabla ya Ijumaa na ati tusiionyeshe mtu mwingine. Binamu zangu wanasema kwani tunangoja nini, karatasi haiwezi kulipa fees ikiwa imelala kwa sanduku. Mimi moyo unasita tu.

Kwa hivyo: huyu Lettow ni nani hasa mpaka mtu apige simu hivyo, nitajuaje sahihi ni ya mkono wake na si chapa, na hili jina la Juma limetoka wapi?

---

Kamau_Section58 (Nakuru)

Aisee shikilia hapo hapo, usiuze, usikunje tena, usimpe mtu.

Huyo ni Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku kwetu Vita Kuu ya Kwanza. Alishika Tanganyika 1914 na akazungusha Waingereza miaka minne yote, Tanga Novemba 1914 aliwapiga wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi ufuoni, baadaye akazidiwa watu akawa anarudi nyuma huku anapigana, akaingia Msumbiji, akatoka, akaishia Zambia ya leo. Habari kwamba Ulaya wameweka silaha chini ilimkuta kwenye mto Chambeshi katikati ya Novemba 1918, vita ilikuwa imeisha siku kadhaa nyuma na yeye bado anapiga risasi. Akajisalimisha Abercorn, siku hizi ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Alikuwa amebaki na Wazungu 155 na askari weusi 1,168, na wapagazi juu yake. Sasa piga hesabu mwenyewe, kama mzee wenu alikuwa "mpaka mwisho" basi ni mmoja kati ya hao elfu moja na kidogo, si jeshi lote lililoanza.

Pesa hakuwa nayo. Askari walikuwa wanadai mishahara ya miaka, ndio maana unaona hesabu ya rupia hapo. Walipewa vyeti wakaambiwa serikali italipa, na serikali yenyewe ya Kaiser ilikuwa imeshaanguka huko Berlin.

Hapa ndipo utamu wenyewe uko. Lettow aliishi sana, alikufa Hamburg Machi 1964 ana miaka 93. Mwaka huo huo wa 1964 bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha kwamba askari wake walio hai walipwe haki yao. Ofisi ikafunguliwa Mwanza, hapo tu ng'ambo ya ziwa kutoka kwenu. Wakaja wazee kama 350. Waliokuwa na vyeti vya 1918 ni wachache sana, wengine walileta vipande vya sare zimeoza, wengine mikono mitupu na maneno. Yule mtu wa benki aliyekuja na pesa akakwama, utajuaje nani askari na nani ni mzee wa kijiji amesikia kuna hela? Akapata wazo. Kila mzee akiitwa mbele anapewa fagio, halafu anaamriwa kwa Kijerumani, mkono saluti, silaha begani, vile vile vya paredi. Wazee wa miaka sabini na kitu, hawajasikia hiyo amri tangu 1918. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Nimekuambia hiyo yote ili uelewe kitu kimoja. Kama mwaka 1964, wenyewe wakiwa hai, hivyo vyeti vilikuwa vya kuhesabu, hicho chenu mnakiuza elfu themanini kwa mtu wa simu?

Swali dogo, huyo mzee alikuwa hai 1964? Alienda Mwanza?

---

Boda_Kondele

Mimi nauliza tu kwa heshima, elfu themanini ni pikipiki nusu bana, na hiyo karatasi mmekaa nayo miaka mia na haijawahi kuwapea hata chai. Uza. Piga fotokopi, weka fotokopi kwa sanduku.

---

Omosh_Gusii (Kisii)

Naheshimu stori ya fagio ndugu Kamau lakini tusimfanye Lettow kuwa shujaa wetu hapa. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii hapa hapa, KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) wakaja, wakapigana mjini, na wenyeji ndio walibaki na hasara ya pande zote mbili. Kisumu nayo Juni 1915 meli zilijazwa wanajeshi wa Mwingereza wakaenda kuvamia Bukoba, wakaharibu mnara wa simu ya upepo halafu wakapora mji. Hakuna mtakatifu.

Na vita ya Lettow ya kuhamahama ilikula chakula cha watu. Jeshi lake likipita kijiji linachukua mtama, linachukua ng'ombe, linachukua wanaume wa kubeba. Upande wa Mwingereza ni hivyo hivyo na zaidi, wale wapagazi wa Carrier Corps waliokufa wanahesabiwa karibu 95,000, wengi wao hawakupigwa risasi, ni kuhara, malaria na unga mbaya. Babu zetu wa Nyanza na Western walikusanywa kwa nguvu kwenda huko na wengi hakuna aliyewapa karatasi yoyote, hata ya kusema amekufa.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi, kwenye hicho cheti sahihi ya Mzungu ndiyo ya mwisho kwa umuhimu. Jina la askari mweusi liko juu, linasema alikuwepo na anadai kiasi gani. Huyo mnunuzi anataka sahihi. Akiipata, Djuma atakuwa ni mapambo tu kwa fremu ya mtu.

Lakini pia sikulaumu kama mna mtoto amefukuzwa shule. Maisha ni magumu.

---

Mwl_Mstaafu_Kakamega

Nimefanya kazi na makaratasi ya zamani miaka mingi, wacha nikujibu lile la sahihi maana wenzangu wameruka.

Kwanza usiamini sahihi kwa sababu jina ni kubwa. Nitakupa mfano wa karibu. Kuna familia za KAR zina vyeti vya kutajwa kwa ushujaa Vita ya Kwanza, vimeandikwa vizuri na chini kuna sahihi ya Winston Churchill, tarehe 1 Machi 1919, wakati akiwa waziri wa vita. Watu hukimbia wakidhani wamepata mali. Ile sahihi imechapwa pamoja na cheti, kila mtu alipata ile ile. Cheti ni cha kweli na kina thamani yake, lakini Churchill hakukigusa.

Chukua lenzi ya kukuza, hata ile ya fundi saa. Chapa ya mashine itaonyesha wino umelala sawa kila mahali, au nukta nukta. Mhuri wa mpira huacha wino mzito kwenye kingo na katikati pepesi. Mkono wa mtu haufichiki, kuna mahali amekandamiza na mahali ameinua, na mistari inapopishana utaona ule wa juu. Halafu zima taa, shika tochi ya simu pembeni kabisa, ilale na karatasi, uangalie kama kuna mfereji pale kalamu ilipopita. Geuza nyuma uguse kwa kidole kikavu, penseli iliyokandamizwa hutokeza nyuma.

Hiyo zambarau uliyoisema imenifurahisha. Siku hizo wanajeshi walitumia sana penseli ya kopi, ni penseli ya kawaida ukiiona lakini ndani ina rangi, ikipata unyevu inageuka zambarau na haifutiki. Porini wino wa chupa ni shida, penseli hiyo ndiyo ilikuwa mkombozi. Inakubaliana na karatasi iliyoandikwa safarini kuliko kitu cha ofisi safi. Lakini sikia vizuri: TONE MOJA la maji na hayo maandishi yatatambaa karatasi nzima. Kwa hivyo usipanguse na kitambaa chenye maji, usipumulie karibu, na hiyo unyevu ya ziwa kwenu si rafiki.

Usilaminishe! Naandika kwa herufi kubwa moyoni. Ile mashine ya pale stendi inapiga moto na gundi, na ukishalaminisha hakuna fundi wa kukurudishia. Usipige pasi mikunjo. Usiweke seloteepu pale ilipochanika. Ilaze wazi ndani ya bahasha safi isiyo na asidi, kati ya kadibodi mbili, mbali na mende na mchwa, basi. Picha piga mchana karibu na dirisha bila flashi, mbele na nyuma, na upige pia lile sanduku, kile kitambaa na vile vitu vingine vilivyokuwa pamoja. Watu wanapuuza hilo. Karatasi iliyotoka kwa sanduku lililojulikana la familia iliyojulikana ni ushahidi, karatasi hiyo hiyo ikitoka mfukoni mwa broka ni karatasi tu yenye maswali.

Na usifunge akili kwamba lazima sahihi iwe ya Lettow mwenyewe. Inaweza kuwa ya ofisa wa kampuni yake kwa niaba yake, na mzee wa Ujerumani akasoma jina la kamanda mahali pengine kwenye karatasi. Mwombe binamu atafute mtu anayesoma ule mwandiko kwa kazi, na mlinganishe na sahihi zake zinazojulikana. Kulinganisha si kugumu, huyo mtu baada ya vita alitia sahihi picha na vitabu vingi sana kwa mashabiki wake Ujerumani. Ndiyo maana sahihi yake peke yake si kitu adimu, cheti cha askari ndicho adimu.

---

Halima_Kaloleni (Kisumu)

Asalaam aleikum ndugu yangu wa Nyalenda. Hilo la Juma wala lisikukoseshe usingizi.

Askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waislamu au waliingia Uislamu huko huko kambini, na hata ambaye hakuslimu alipewa jina la kambini kwa sababu yule ofisa hataki kuhangaika na jina la kwao. Kijana anatoka kijijini na jina lake, akifika boma anakuwa Juma, Mabruki, Farjala, mpaka atoke jeshini. Akirudi kwao analivua pamoja na sare. Na hiyo "Dj" ndivyo Wajerumani walivyoandika, ukiangalia ramani zao za zamani Ujiji wanaandika Udjidji. Mtu wa kughushi leo angeandika Juma tu, kwa hivyo mimi naihesabu upande wenu.

Njia ya kuja Kisumu nayo inaeleweka. Baada ya kujisalimisha walipitishwa ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, halafu treni mpaka Tabora, askari wakawekwa kambini pale, na ile homa mbaya ya 1918 ikawakuta. Walipoachiliwa, mtu wa Shirati angetembea kaskazini mpaka Mwanza, reli ya Tabora kwenda Mwanza haikuwepo mpaka 1928. Mwanza kuna meli, meli inaleta Kisumu, Kisumu kuna reli tangu 1901 na kazi za bandari. Mtu aliyepigania upande ulioshindwa, hana pesa, anadai serikali isiyokuwepo, unadhani angekaa kuwaambia watu habari zake chini ya Mwingereza? Angenyamaza kama alivyonyamaza.

Kuna uwezekano mwingine pia lazima niuseme, isije ukaja kushtuka. Huenda Juma alikuwa rafiki yake, akafa, na mzee wenu akaishika karatasi akitarajia kumpelekea ndugu zake. Wazee walikuwa wanafanya hivyo. Muulize dani kwa upole kama mzee alikuwa anafunga Ramadhani, au hakula nguruwe, au alizikwa vipi. Usimuulize "alikuwa Mwislamu?", atakukatalia hapo hapo. Muulize habari za chakula.

---

Mtoto_wa_Nyalenda (Kisumu)

Jameni mmenimaliza. Asanteni sana, nimesoma nikarudia.

@Kamau, alikufa zamani kabla baba azaliwe, kwa hivyo 1964 hakuwepo. Ila dani anasema babu, mtoto wake, alisikia redioni kwamba Mwanza wazee wanalipwa na akataka kwenda, mkewe akamwambia pesa ya maiti hailiwi, akabaki. Hiyo stori mimi sijawahi kuisikia maisha yangu yote, imetoka tu jana nilipomsomea ulichoandika. Stori ya fagio ilimchekesha mpaka akaomba maji.

@Mwalimu, nimefanya ile ya tochi. Nyuma ya karatasi kuna mistari imetokeza kabisa, unaisikia kwa kidole, kwenye sahihi imekandamizwa sana mwanzo halafu mkia umepita juu juu. Muhuri haujatokeza. Chini ya sahihi kuna neno fupi na nukta, binamu anasema ni cheo lakini hana uhakika cheo gani, amepeleka kwa mwalimu wake wa chuo. Kitambaa nimekiacha kama kilivyo.

@Halima, nilimuuliza habari za chakula kama ulivyosema. Akanyamaza kidogo akasema, huyo mzee alikuwa anachinja kuku mwenyewe, hakubali mwanamke wala mtoto achinje, na kabla ya kisu alikuwa anasema maneno ambayo watu wa nyumbani hawakuyajua. Nikaishiwa maneno.

Binamu zangu bado wamegawanyika, wawili wanataka kuuza. Nimewaambia kama ni kuuza iwe ni mnada wa wazi na karatasi ikiwa imesomwa yote, si gizani.

---

Mwl_Mstaafu_Kakamega

Umefanya vizuri. Kilichobaki ni kuiandikisha mahali. Hifadhi ya taifa ya nyaraka iko Nairobi, Moi Avenue, na wana vituo Kisumu na Nakuru, unaweza kuanzia hapo kwenu. Si lazima uwape karatasi, waombe wapige nakala nzuri na waandike kwamba asili iko kwa familia. Ikishajulikana hivyo hata wezi wataogopa, kwa sababu itakuwa vigumu kuiuza.

Na huyo mkusanyaji muulize jambo moja tu. Tuna sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, kuna vitu vya kale visivyotoka nchini bila kibali, na kama karatasi hii imo waulize hao wa hifadhi. Kama mteja wake yuko nje, aonyeshe kibali kwanza. Utaona vile simu itanyamaza.

---

Halima_Kaloleni (Kisumu)

Babu yangu mdogo ana miaka tisini na kitu, alikulia Kaloleni na anawakumbuka wazee wa bandari waliotoka Mwanza, kwa majina ya huku na ya kule. Yuko nyumbani Jumamosi baada ya adhuhuri. Njoo na dani akiweza, na picha ya huyo mzee kama mnayo. Ulete nakala ya cheti, chenyewe kiache mahali kilipo.

---

Mtoto_wa_Nyalenda (Kisumu)

Tutafika inshallah, dani ameshauliza avae nguo gani.

Halafu mkusanyaji amepiga tena sasa hivi. Nikamuuliza ya kibali. Hakujibu hilo, amepanda mpaka laki moja na nusu.

---

Boda_Kondele

Laki na nusu?? Aah hapo sasa hata mimi nimeshtuka. Mtu haongezi elfu sabini kwa dakika moja kama hajui kitu wewe hujui. Usimpe, na mkienda Kaloleni Jumamosi mimi nawabeba na dani bei ya mtu mmoja, ila nami niingie nisikie hiyo stori.